Siku Uliyosema Baba Hayuko

Jilore,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwa mama yangu niliyemzaa mwenyewe,

Usicheke. Ulipozaliwa nilikupa jina la mamangu mzazi, na tangu siku hiyo nakuita mama. Hata kabla hujaota jino nilikuwa nakuamkia shikamoo, nawe unanijibu kwa kunitemea maziwa shingoni. Basi leo nakuandikia kama mtoto anavyomwandikia mamake baada ya kuvunja kitu cha nyumba.

Keti kwanza, Dama. Najua umetoka Muyeye kumuaga shangazi yako na umechoka, na huenda umekutana njiani na Mama Kahaso, jirani yetu, akakurukia kabla hujatua mzigo: "Mwanangu wee, babako leo kanisani!" Mdomo wa yule mama naujua. Ndiyo maana naandika mbio mbio kabla hujarudi, ili uyapate kwangu kama yalivyo, bila chumvi ya mtu. Na nimeamua kuyaandika kwa sababu nikianza kukwambia uso kwa uso nitafanya mzaha, tutacheka, na kesho utapanda basi hujaambiwa kitu.

Habari ya sweta na baridi ya bara, na namna ya kulinda sanduku usiku kwenye bweni, mamako atakwambia mpaka masikio yakuume. Mimi hayo siyajui. Ninalolijua ni jambo moja, na limenichukua miaka kumi na miwili kulisema.

Mimi nilikuwa mgema. Hilo unalijua, na kila mtu hapa Jilore analijua. Babangu aligema, na mimi nikarithi kotama yake, kile kisu chake cha kugemea, kilichokuwa kikali kiasi cha kunyoa ndevu. Tembo langu lilisifiwa. Wazee walikuwa wakipeleka tembo la Kazungu kwenye posa, na mahari yakakubaliwa bila maneno mengi. Nilikuwa na minazi kumi, na kila mmoja niliujua kama unavyojua tabia za ndugu zako.

Kisha nikaokoka, wewe ukiwa unatambaa. Sitaki udhani nilidanganya siku ile. Haki ya Mungu, nililia. Nilitoka kanisani kichwa kinatiririka maji, moyo mwepesi, nikamwahidi Mchungaji mbele ya watu wote kwamba kugema basi. Na nikaacha! Niliacha minazi tisa.

Mmoja nikaubakisha. Ule wa nyuma ya zizi la mbuzi, usioonekana kutoka njiani. Na sababu nilikuwa nayo, tena nzuri: mamako ataumulia nini vitumbua? Wajua vitumbua vya mamako ndivyo vilivyokuwa vikiandaliwa wageni wa kanisa, na kitumbua bila tembo la kuumulia ni unga uliokaangwa tu. Nikajiambia, hii ni huduma, ninamgemea Bwana. Lo! Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada. Kwa vitumbua mamako alihitaji kikombe kimoja, na hicho kwa juma zima. Mimi nilikuwa nashuka na kibuyu kizima asubuhi na kibuyu kizima jioni. Kilichobaki kilikwenda wapi, usiniulize. Nilikuwa na ulevi wangu mdogo, wa heshima, wa nyuma ya zizi, na Jumapili naimba sauti ya chini kuliko wote.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa hunibanduki. Nikienda zizini uko, nikienda mtoni uko, na nikipanda mnazi unakaa chini unanipigia hadithi kwa sauti ili nisikie kule juu. Sasa sikiliza neno hili, maana hapa ndipo nilipotaka kuruka nilipoandika karatasi ya kwanza, nikaichana. Nilitaka kuandika kwamba sikukufundisha. Nilikufundisha. Kila mara kabla sijapanda nilikuinamia nikakwambia, "Mama, mtu akija kuniulizia, sema baba hayuko, amekwenda Malindi." Nilikwambia nikicheka, kama mchezo. Nawe ulipenda mchezo wowote uliokuwa wetu wawili.

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa kileleni, kotama mkononi, kibuyu kimejaa pomoni, ndipo nikasikia baiskeli. Naijua ile baiskeli, ina mlio wake wa mnyororo. Mchungaji alikuwa amepiga hodi mbele, hakujibiwa, akazunguka nyuma akiisukuma. Nikaukumbatia mnazi. Nikaacha hata kupumua. Nyinyi mko chini yangu kabisa, nauona upara wake unang'aa, na ninaziona nywele zako mamako alizokusuka.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Babako yuko?"

"Hayuko. Amekwenda Malindi."

"Amekwenda lini?"

"Tangu alfajiri. Amekwenda kununua chumvi."

Chumvi! Hiyo chumvi sikukufundisha, uliiongeza mwenyewe, na ulivyoisema ungeapa nimeonekana dukani. Na mimi kule juu, mama, nisamehe, niliona fahari. Nilifikiri, mtoto wangu huyu ana akili.

Hapo kibuyu kikaniponyoka kidogo. Hakikuanguka, kiliinama tu, na tembo likamdondokea Mchungaji shingoni, tone la kwanza na la pili. Nikafumba macho. Nikasema leo ndiyo leo. Nilipofumbua nilimwona anatoa leso mfukoni, anajipangusa taratibu. Hakutazama juu. Jua lilikuwa linawaka, mbinguni hamna hata wingu la kufutia machozi, naye akasema, "Leo huenda ikanyesha." Kisha akakwambia, "Babako akirudi, mwambie namsalimu sana." Akaondoka na baiskeli yake.

Nilishuka na kibuyu changu. Ukanikimbilia, ukanishika mguu, macho yako makubwa yananiangalia, ukaniuliza, "Baba, nimesema vizuri?"

Nikakwambia, "Umesema vizuri sana, mama." Nikakumiminia tembo tamu kwenye kikombe, funda moja, iwe zawadi yako.

Nimeyaandika. Karatasi hii siichani.

Juma lile sikula. Hadithi ya yule mfupi aliyepanda mti ilisomwa kanisani, nikawa natazama miguu yangu tu. Jumapili iliyofuata nikabeba kotama ya babangu ndani ya gunia, nikaenda nayo mbele, nikaiweka sakafuni, nikaungama. Nilisema nimekuwa nikigema kwa siri mnazi mmoja, nimekuwa nikinywa, nimemdanganya Mungu na kanisa. Watu walivyofurahi! Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakaanza wimbo bila kuambiwa, mzee mmoja akanikumbatia mpaka kofia yake ikadondoka. Katikati ya kelele zile Mchungaji alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni hayo tu, Kazungu?"

Wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele na watoto wenzako. Ulikuwa unaniangalia.

Nikasema, "Ni hayo tu."

Nakwambia kweli, Dama, kuacha tembo halikuwa jambo gumu. Watu hunisifu kwa hilo na mimi huitikia, lakini halikuwa gumu. Wamkumbuka baba mkwe wa kaka yako Charo? Twende kuposa bila tembo, Mgiriama na heshima zake! Tulimpelekea kreti za soda. Yule mzee akazitazama, akasema, "Hiki ni nini, mmekuja siku ya wazazi shuleni?" Akaturudisha. Tukarudi tena na soda, akaturudisha tena. Mara ya tatu akafungua moja kwa hasira, akanywa, akacheua, akasema, "Haya, mchukueni msichana, mmenichosha." Tuliimba kutoka kwake mpaka nyumbani. Hayo yalikuwa vita vya kupendeza, watu wanaona, wanakushangilia. Nikafanywa mzee wa kanisa. Nikapewa kiti cha mbele chenye mto. Na kila nilipokikalia nilikuwa nimekuacha wewe peke yako chini ya mnazi na uongo wangu mikononi.

Nilidhani umesahau. Watoto husahau, nilijiambia. Kumbe hukusahau hata siku moja. Mwaka wa kipaimara ulinijia zizini, ukasimama kwa adabu, ukasema, "Baba, mimi niliwahi kumdanganya Mchungaji." Ulisema mimi, hukusema sisi. Ulikuwa unanilinda hata hapo. Na mimi, mzee wa kanisa mzima, nikakujibu, "Mambo ya utotoni hayo, mama, Mungu amekwisha kusamehe." Nilikusamehe dhambi yangu mwenyewe! Toba! Hata shetani angeona haya.

Kisha likaja jambo nililoliona kwa macho nisilielewe. Ulipata kipaimara, lakini Meza ya Bwana huikaribii. Kila ikiandaliwa, wewe una watoto wa kupeleka nje, una kikohozi, una kitambaa cha madhabahu ulichosahau kupiga pasi. Miaka sita. Mamako alisema ni haya za usichana. Mimi nikasema ni unyenyekevu, nikajisifu kwamba mwanangu anakiheshimu kitu kitakatifu.

Mpaka ilipokuja ile barua ya chuo cha uuguzi. Tulirukaruka hapa uani, mbuzi wakatukimbia! Wakataka barua ya tabia kutoka kwa kiongozi wa dini, Mchungaji akaiandika palepale, akakupa uisome. Nakumbuka maneno yake: "Namjua Dama tangu utoto wake. Ni msichana mkweli." Uliisoma, ukaikunja, ukaiweka mezani, uso umekubadilika. Nikakuuliza, mama, vipi? Ukanijibu, huku umeinama unaokota pumba zisizokuwapo, "Mchungaji asingeandika hivi angejua."

Dama, neno lile lilinipiga. Nilikwenda nikakaa zizini na mbuzi mpaka mamako akatuma watu kunitafuta. Hapo ndipo nilipojumlisha, meza usiyoikaribia na macho yale ya benchi la mbele. Mtoto wa miaka saba alimsetiri babake, na tangu hapo anajiona yeye ndiye mwongo wa nyumba hii. Na kesho unakwenda mbali, ambako hakuna mtu anayejua kisa chetu, na ungelizeeka nacho.

Ndipo nikaomba. Sikuomba kwa maneno mazuri ya mzee wa kanisa. Niliomba hivi: "Mungu, minazi yote kumi umekwisha kuichukua, sasa nichukue na mimi."

Leo asubuhi, baada ya matangazo, Mchungaji akasema, "Binti yetu Dama anaondoka kesho. Babake aje aseme neno tumwombee." Nikatoka kwenye kiti chenye mto. Nilikuwa nimevaa ile suti ya kijivu, jasho limenilowesha mgongo. Nikasema, "Ndugu zangu, siku ile nilipoleta kotama hapa, Mchungaji aliniuliza kama ni hayo tu, nikasema ni hayo tu. Hayakuwa hayo tu." Nikawaambia yote, mnazi na baiskeli na Malindi na chumvi. Nikawaambia nilikuwa juu ya vichwa vyenu nasikia. Nikawaambia uliniuliza kama umesema vizuri, na nilivyokujibu, na nilivyokupa kwa uongo wako kikombe cha tembo. Nikasema, "Mwanangu hakumdanganya Mchungaji. Nilimdanganya mimi, kwa mdomo wa mwanangu, kisha nikamwachia mzigo."

Safari hii hapakuwa na vigelegele. Mtoto mmoja alilia nyuma akanyamazishwa. Nikafikiri, haya, wamenitupa, na wananitupa kwa haki.

Ndipo Mchungaji akasimama. Unajua magoti yake siku hizi, akisimama ni safari. Akashika ile fimbo yake, akanitazama, akasema, "Ile shati ninayo mpaka leo. Nilipofika nyumbani mke wangu alininusa shingo, akaniuliza leo nimehubiri kilabu gani."

Dama! Kanisa zima lilianguka kwa kicheko. Mama Kahaso alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilicheka nikilia, sijui kipi kilitangulia. Na mzee wa watu akangoja mpaka tukatulia, akasema maneno haya, na nimeyaandika nyuma ya kitabu changu cha nyimbo papo hapo yasinipotee: "Nilijua tangu siku ile. Nilimuona Kazungu kabla hajaniona, miguu mikubwa kama ile mtu ataificha wapi? Nimemngoja ashuke. Lakini niliyekuwa namwombea zaidi ni mtoto."

Kisha akasema, "Na ile barua ya tabia niliiandika nikijua."

Isome tena hiyo, mama. Nitakuandikia mara ya pili: aliiandika akijua. Chumvi ya Malindi aliijua na tembo alilinusa kwa pua yake. Miaka kumi na miwili amekutazama unavyokua, akachukua kalamu, akaandika kwamba wewe ni msichana mkweli. Hakukosea, wala hukumhadaa.

Tuliimba, basi! Tuliimba mpaka vumbi likatoka darini. Nimelipa gharama yangu pia, usidhani mambo yamekwisha kwa kicheko. Niliomba mwenyewe nitolewe kwenye uzee wa kanisa, na wazee wenzangu wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia, waungwana wale. Kwa hiyo sasa kiti changu kiko nyuma kabisa, karibu na mlango. Benchi lina msumari, lakini pana upepo mzuri, na nimeimba leo kama kijana. Sijawahi kujua kwamba kanisa letu ni zuri hivi likitazamwa kutoka nyuma.

Mamako alinitangulia njia nzima. Tulipofika akavua viatu, akanigeukia: "Kumbe ulinitia mimi na vitumbua vyangu kwenye dhambi zako!" Habari ya mnazi aliijua, hii yako hakuijua. Amekasirika kwa ajili yako, na ana haki. Sasa hivi namsikia jikoni anapiga ule unga kama ndio mimi. Vitumbua ni vyako, vya safari, na ameviumulia kwa hamira ya dukani, na nitakwambia siri, vinaumuka vilevile.

Sikuandikii haya ili uwe mtakatifu huko. Utakosea, kama mtu yeyote. Siku moja utakosea sindano, au utasahau mgonjwa, au utapenda mtu asiyefaa, na moyo wako utakuonyesha mnazi wa nyuma ya zizi, mahali pazuri pa kubakisha kitu kimoja tu, kidogo tu, chenye sababu nzuri. Mimi nilimpa Mungu minazi tisa nikaona nimempa kila kitu. Kumbe aliutaka ule mmoja, si kwa sababu ya tembo lake, bali kwa sababu mtoto wangu alikuwa amekaa chini yake. Nilichopoteza leo ni kiti na mto. Nilichopata sijui nikiite nini. Nimekula wali wa nazi sahani mbili, nimelala usingizi wa dakika kumi kama mtoto, nimeamka nacheka. Nina miaka hamsini na kitu na leo ndiyo mara ya kwanza najiona nimeokoka mzima mzima, kuanzia utosini hadi kwenye hii miguu mikubwa.

Kesho asubuhi kabla ya basi Mchungaji atapita hapa akiisukuma baiskeli yake. Atakuja na mkate na kikombe. Mamako ametoa kile kitambaa cheupe cha harusi yetu cha kutandika mezani. Ukitaka kushiriki, karibu, na usipotaka, hakuna atakayekuuliza, tutaimba tu na kukusindikiza. Mimi nitakuwapo, nimesimama kando yako, si mbele yako. Sitasema neno kwa niaba yako tena.

Kuna deni moja la jibu. Uliniuliza kama umesema vizuri, nikakujibu ndiyo. Nalifuta jibu lile. Hukusema vizuri, mama, na halikuwa kosa lako, na nakuomba msamaha, wewe Dama, mwanangu na mamangu.

Na huko uendako, wasichana wenzako wakikuuliza siku moja babako yuko wapi, usiiname kuokota pumba. Watazame machoni. Waambie alikuwa juu ya mnazi miaka mingi.

Waambie ameshuka.

Ni mimi mwanao, na babako,
Kazungu